Pedali ya Shaba

Bisibisi ilianguka sakafuni na haikulia.

Waithera aliihisi tu ilipogonga kidole cha mguu. Nje ya kibanda chake cha Ngara makondakta walikuwa wakigombania abiria, na jirani alikuwa akikata mabomba kwa msumeno wa umeme, kwa hivyo alidhani kelele za mtaa ndizo zimeimeza. Akainama, akaiokota, akarudi kwenye kazi iliyokuwa mezani.

Alikuwa amekaa katika kibanda kile miaka kumi na miwili, akitengeneza spika za makanisa na amplifaya za mabaa. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa pedali, vile visanduku ambavyo mpiga gitaa hukanyaga kwa mguu ili kubadilisha sauti ya nyuzi zake. Vijana wa mjini waliosumbuliwa na bei za dukani walikuwa wamejifunza kujiundia pedali zao wenyewe kwa michoro ya mtandaoni, na zilipokataa kufanya kazi walimletea Waithera. Iliyokuwa mezani siku ile aliletewa asubuhi na Muasya.

Hakumsikia alipoingia. Aliinua macho tu, na mtu amesimama begani pake.

"Fundi," Muasya alisema.

"Wewe unatembea aje? Sijakusikia kabisa."

"Hata mimi sijisikii," alijibu, wala hakucheka.

Muasya alipiga gitaa katika bendi ya hoteli moja katikati ya jiji. Waithera alimjua kama mtu wa mizaha, ila siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Alitoa kitu kwenye mfuko wa karatasi akakiweka mezani polepole. Ilikuwa pedali ya mwangwi, ile inayorudisha noti mara tatu au nne, kama mtu aliyeita akiwa bondeni.

"Nimeiunda mwenyewe. Mwanzo ilikuwa poa, tena poa kushinda zile za kununua. Watu walikuwa wanaacha kula wanisikilize. Saa hii nikipiga, sauti inaingia lakini haitoki. Inameza tu."

"Na hiki kisanduku ulitoa wapi?"

"Kwa wale wa vyuma kuukuu, hapo chini karibu na mto. Nilikipenda."

Kwa kweli kilikuwa kizuri. Kilikuwa kisanduku cha shaba cha ukubwa wa kiganja, kizito, chenye maua madogo yaliyochongwa kwa mkono na kufifia. Kando ya kifuniko kulikuwa na mabaki ya nta nyeusi ambayo Muasya alikuwa ameyakwangua kwa kisu. Juu yake alikuwa ametoboa matundu manne: mawili ya waya, moja la swichi, na moja la kitufe cha kuzungusha. Waithera alipofungua skrubu na kuinua kifuniko, harufu ilimpanda puani, harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi. Bodi iliyokuwa ndani ilikuwa mpya, na viungo vyake vilivyochomelewa kwa risasi vilimeta. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha kunuka vile.

Alianza kama anavyoanza kila kazi. Alipima betri. Kisha akachukua mita, ile inayolia piii pale umeme unapopita, akagusisha ncha zake kwenye njia ya kwanza ya bodi. Kioo cha mita kilisoma sifuri, maana yake njia ni nzima. Mita haikulia. Alijaribu njia ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Kioo kilisema zote ni nzima, na mita ilibaki bubu.

Aligusisha ncha zile mbili zenyewe kwa zenyewe. Kimya. Akadhani mita imeharibika, akaenda nayo mlangoni kuitazama penye mwanga, na hapo ikalia piii kama kawaida. Alirudi hatua moja kuelekea mezani, bado inalia. Hatua ya pili, sauti ikawa nyembamba kama ya mbu. Hatua ya tatu ikakatika, ingawa ncha zilikuwa zimeshikana na kioo kikisoma sifuri ileile.

Alisimama pale kwa muda akienda mbele na kurudi nyuma, hatua tatu, hatua tatu, mpaka jirani wa mabomba akamtazama. Akajiambia ni betri ya mita.

Wiki nzima aliisumbukia pedali ile. Alibadilisha kapasita, akabadilisha chipu ya mwangwi, akachomelea viungo vyote upya. Hakuna kilichosaidia, na hakupata kosa. Asingeweza kumwambia mteja kwamba kitu chake ni kizima ila hakitaki kutoa sauti. Ijumaa aliifunga kwenye kitambaa akaenda nayo nyumbani Mutuini, akisema moyoni kwamba kule kuna utulivu, pengine ataisikia vizuri.

Utulivu wa Mutuini ulikuwa wa kiasi, kwa sababu kulikuwa na baba yake. Jamleck Ndegwa alikuwa na miaka sabini na minane na hakuwahi kunyamaza. Alizungumza na ng'ombe akimkatia majani, alizungumza na wapangaji wa vyumba alivyojenga mbele ya shamba, na walipofunga milango yao alizungumza na redio, akiijibu kama imemuuliza. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Tangu mkewe afariki, maneno yalikuwa yameongezeka maradufu. Waithera alipewa jina la mama mzazi wa mzee huyo, kwa hivyo mzee alimwita Maitu, yaani mama yangu, na kila jioni Maitu alipaswa kusikiliza.

Jumamosi baada ya chai, Waithera alitandaza vyombo vyake sebuleni. Mzee akavuta kiti.

"Na hiyo inafanya nini, Maitu?"

"Inarudisha sauti, Baba. Ukisema neno, unalisikia tena."

"Wacha nijaribu."

Alimpa maikrofoni, akaichomeka kwenye pedali, na pedali kwenye amplifaya. Mzee alikohoa, akaketi wima kama aliyeko mimbarini.

"Mimi ni Jamleck Ndegwa, mwana wa Maina. Nimezaliwa hapa hapa Mutuini, wakati hakuna lami na fisi walikuwa wanalia huko kwa bonde."

Aliendelea. Alieleza habari za fisi, za shule, za siku aliyomwona mama yake Waithera akiteka maji. Taa ndogo ya amplifaya iliyoonyesha kwamba sauti inaingia ilipepesa kwa kila neno, na spika haikutoa kitu. Waithera alizungusha kitufe, akakaza waya, akainamisha kichwa asikilize. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na mzee alikuwa amefika kwenye harusi.

"Baba, hebu nyamaza kidogo."

Jamleck alinyamaza. Waithera alizungusha kitufe mpaka mwisho. Spika ilivuta pumzi ndefu, pumzi moja, kama mtu aliyeketi kitini baada ya kusimama siku nzima. Harufu ya chumba kilichofungwa ilijaa sebule. Aling'oa waya zote kwa mkupuo mmoja.

Wakati wa chakula cha mchana mzee alinyoosha mkono kutaka chumvi. Mdomo wake ulifunguka, ukaumba neno, na neno halikutoka. Alijaribu tena. Alishika koo. Waithera alimwona akikohoa kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na kikohozi kile kilikuwa kama cha mtu aliye upande wa pili wa kioo kinene.

Hospitalini daktari alimulika koo lake na kusema ni safi kama la kijana, labda ni mshtuko, apumzike. Jumapili baada ya ibada mchungaji alikuja na wazee wanne wa kanisa. Waliweka mikono juu ya kichwa cha Jamleck na kuomba kwa sauti kubwa, ila Waithera aliyekuwa amesimama karibu na rafu ilipowekwa pedali aliona midomo yao ikienda bila kusikia lolote, na akajua kwamba wao wenyewe hawajatambua, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefumba macho. Walipofumbua na kusema amina, hakuna aliyesikia amina ya mwenzake. Walitazamana. Mchungaji alichukua mwavuli wake akasema akiwa mlangoni kwamba atarudi siku nyingine na watu wa maombi zaidi. Hakurudi.

Jumatatu mvua ilinyesha kuanzia asubuhi, na Waithera hakwenda kazini. Nyumba ya Jamleck ilikuwa ya mabati, na mvua ya Mutuini juu ya mabati humfanya mtu apige kelele ili aombe sukari. Siku ile matone mazito yaligonga paa, yakatiririka kwenye mfereji, yakafurika kwenye pipa, na ndani ya nyumba hakukusikika hata tone. Mzee alikuwa dirishani. Uani mbwa alikuwa akimbwekea mpangaji aliyepita na gunia kichwani, taya zake zikifunguka na kufungika, na Waithera alishika makali ya meza kwa sababu alihisi kama sakafu inazama, kwa sababu masikio yake yalikuwa yakitafuta kitu cha kushikilia na hayapati, si saa ya ukutani, si friji, si pumzi yake mwenyewe, na katika ule utupu, kutoka rafuni, kutoka kwenye kisanduku kisicho na betri wala waya wala spika, baba yake akazungumza.

"Mimi ni Jamleck Ndegwa," sauti ilisema, "mwana wa Maina."

Mzee aligeuka kutoka dirishani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Nimezaliwa hapa hapa," sauti ilisema, kisha ikasita kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. "Nani alitoboa? Nimelala, nani alitoboa? Upepo unaingia. Nani?"

Jamleck aliketi chini sakafuni taratibu, akajifunika uso kwa mikono miwili. Waithera alimwona akilia na hakumsikia.

Alimpigia Muasya simu akiwa barabarani, mbali na nyumba, palipokuwa na sauti. Kisha aliifunga pedali kwenye kitambaa akaenda nayo, wakakutana saa nane katika ngazi za nyuma za ile hoteli ya jijini, ambapo bendi hufanyia mazoezi. Muasya alishuka ngazi za chuma kwa viatu vizito, na ngazi hazikulia.

"Nilijua," Waithera alisema. "Uliniletea na ulijua."

Muasya aliketi kwenye ngazi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo yalianza na hatua zake. Usiku mmoja aliiwasha pedali sebuleni huku akitembeatembea, na asubuhi mke wake akashtuka kumwona jikoni. Sasa mke huyo alikuwa amehamia kwa mama yake. Alisema hawezi kulala na mtu anayemjia kama mwizi.

"Nilifikiria ni mawaya, Fundi. Nikasema kama ni mawaya, wewe utajua."

"Imechukua sauti ya baba yangu."

Muasya aliinuka tu na kuchukua koti lake.

Walienda kwa muuza vyuma kuukuu kule karibu na mto, mtu aitwaye Were, aliyekumbuka kisanduku kile kwa sababu mzani wake haukukipenda, ulikuwa ukisoma uzito tofauti kila mara. Aliuziwa na kijana mmoja wa Kibra, pamoja na sufuria na kitanda cha chuma, siku nyumba za zamani za Wanubi zilipobomolewa ili barabara ipite. Jina la kijana hakulijua. La nyanya yake alilijua, kwa kuwa mama huyo alikuja siku ya pili akimtukana mpaka wateja wakaondoka. Aliitwa Bi Zamzam.

Walimkuta amehamishiwa chumba cha kupanga, amekaa kitandani akitazama mieleka kwenye televisheni. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Waithera alipofungua kitambaa, mieleka ilinyamaza ghafla, ingawa wapiganaji waliendelea kutupana.

Bi Zamzam alikichukua, akayafunika matundu kwa kiganja, na mieleka ikasikika tena. "Mmekitoboa," alisema.

Kiganja chake kilibaki juu ya matundu. Alionekana mwenye hasira zaidi kuliko hofu.

"Nyanya yangu alikuwa nacho kabla sijazaliwa. Aliye humu ni jini. Kwao kulikuwa msituni, huko ambako sasa ni nyumba tu mpaka Ngong Road. Hakuwa na ubaya na mtu. Anachotaka ni kimya tu. Watu wakaja, mwanangu, wakaja na mabati, na ngoma, na watoto. Akawa hana pa kulala. Akaanza kuingia majumbani, ananyamazisha. Alianza na mbwa. Alipofika kwa watoto, nyanya akamwambia njoo, nitakupa chumba. Akaingia kwa hiari yake, nyanya akaziba kwa nta. Miaka yote hiyo alikuwa amelala." Alimtazama Muasya kwa jicho lake zima. "Wewe umemtobolea nyumba mara nne, halafu ukamtia gitaa ndani."

"Sikujua, Shosho."

"Hujui, lakini una mashine ya kutoboa."

Waithera aliuliza kama sauti ya baba yake inaweza kurudi.

"Alichomeza kiko humo. Ukiziba sasa, kitabaki humo. Lazima akitapike kwanza, ndipo azibiwe. Nyanya alijua nta. Mimi mikono yangu inatetemeka. Wewe ndiye fundi, si ndio?"

Bi Zamzam alifika Mutuini kesho yake saa tisa mchana, kwa teksi, akiwa na ubani kwenye mkoba na kobazi za plastiki miguuni. Alitaka jua liwe juu, ili waone wanachofanya. Waithera alikuwa amekata vipande vinne vya shaba, akapasha moto chuma kikubwa cha kuchomelea risasi. Jamleck aliketi kwenye kiti chake, Muasya mlangoni. Bi Zamzam aliwasha ubani kwenye kigae, akazungumza na kisanduku kwa Kinubi, bila haraka, kama anayemwamsha mgonjwa. Kisha akamwashiria Waithera afungulie.

Aliitia pedali betri, akaiunganisha kwenye amplifaya, akazungusha kitufe mpaka mwisho. Ile pumzi ndefu ikatoka. Kisha sauti.

Hazikufuata mpangilio ule zilivyoingia. Kwanza gitaa la Muasya, noti zake zote za majuma mawili, zikirudi kwa wingi usiovumilika. Kisha hatua, viatu vizito vikizunguka sebule ile ingawa hapakuwa na mtu aliyetembea, vikapita mbele ya Bi Zamzam, vikaelekea mlangoni, na Muasya alirudi nyuma, sakafu ikalia chini ya viatu vyake. Aliangalia miguu yake akaanza kulia. Ikafuata bisibisi ikigonga sakafu, piii ya mita mara thelathini, msumeno, na wanaume watano wakiomba kwa pamoja, na mvua ya mabati ikamwagika kutoka kwenye spika moja ndogo mpaka glasi zikatetemeka kabatini na Waithera akaziba masikio, na katikati ya mvua hiyo yakawemo mambo ambayo hakuna aliyeyajua, mbwa wengi wa zamani, reli, mtoto mchanga akilia katika lugha ya watoto wa mahali popote, mwanamke akimwita mtu aitwaye Wahu, akimwita tena, kana kwamba hakuwahi kujibiwa, na taa ya amplifaya ilianza kufifia kwa sababu betri ya pedali ilikuwa inakwisha na baba yake alikuwa bado hajatoka.

"Usiguse," Bi Zamzam alisema. "Ukizima, basi."

Taa ilibaki nyekundu hafifu. Spika ilikoroma. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayepanda mlima, "Mimi ni Jamleck Ndegwa, mwana wa Maina," na fisi, na shule, na msichana aliyeteka maji, na Waithera safari hii alisikiliza kila neno mpaka harusi, mpaka pale aliposikia sauti yake mwenyewe yenye uchovu ikisema, hebu nyamaza kidogo.

Kwenye kiti, mzee alikohoa. Kikohozi kilisikika.

Bi Zamzam aliinua mkono haraka kumzuia asiseme neno. "Sasa anataka kurudi kulala," alinong'ona. "Atapitia tundu la mwisho. Mtu yeyote asitoe sauti anapoingia. Itakayotoka, ataingia nayo."

Waithera alitoa bodi ndani ya kisanduku, akafunga kifuniko. Alichomelea kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ile harufu ilikusanyika kutoka pembe za nyumba, ikapita usoni mwake ikiwa baridi, ikaelekea kwenye tundu lililobaki. Jicho lake lilikuwa kwa baba yake, maana alijua mtu huyo hajawahi kushinda ulimi wake. Jamleck alikuwa ameuma ngumi. Machozi yalimtiririka, na hakutoa hata mguno. Waithera alikuwa bado anamtazama yeye wakati tone la risasi lilipoteleza kwenye ncha ya chuma na kumwangukia kifundo cha mkono.

Yowe lilimtoka kabla hajajua. Alilisikia nusu. Nusu nyingine ilivutwa kutoka kooni kama uzi kutoka kwenye sindano, ikaingia tunduni, na mkono wake, ambao ulikuwa umezoea kazi kuliko alivyozoea yeye kuogopa, uliziba kipande cha nne.

Uani mbwa alibweka. Saa ya ukutani iligonga. Jamleck alifungua mdomo na kusema jambo la kwanza kwa siku nne.

"Maitu, umeungua."

"Kidogo tu, Baba," Waithera alisema, na sauti yake ilikuwepo, akashukuru. Bi Zamzam hakushukuru. Alimtazama kwa muda, akakifunga kisanduku kwenye leso, akaomba aitiwe teksi.

Miezi miwili ilipita vizuri. Muasya alirudiana na mkewe na akanunua pedali ya dukani. Waithera aliimba akifanya kazi, alibishana na wateja, alicheka. Mara mbili aliungua mkono kibandani na kufungua mdomo, na hakukutoka kitu. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kuna watu wasiopenda kupiga kelele.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya Jumamosi, alitoka na baba yake kununua chakula cha ng'ombe. Mzee alitangulia, akivuka barabara huku akimpigia hadithi jamaa wa bodaboda upande wa pili. Lori la mawe lilikuwa linarudi nyuma. Dereva hakumwona. Waithera aliliona na akapiga kelele kwa nguvu zake zote, akanyoosha shingo, kifua kikamuuma, na barabara iliendelea na mambo yake kana kwamba yeye ni picha. Aliyemwokoa Jamleck ni mwanamke wa mboga ambaye kwa bahati alikuwa akimtazama Waithera usoni, akaona mdomo ule uliofunguka, akageuka kuangalia alichokuwa anatazama Waithera. Alimvuta mzee kwa ukosi. Tairi ilipita juu ya kofia yake.

Jumatatu Waithera alienda Kibra na mfuko wake wa vyombo. Baba yake alikataa kubaki nyuma.

Bi Zamzam hakuuliza kilichomleta. Alivuta sanduku la nguo chini ya kitanda, akatoa kisanduku ndani ya mablanketi matatu.

"Weka sikio."

Aliweka. Ndani, mbali sana, mwanamke alikuwa akipiga yowe. Lilikatika, likarudi, likakatika, likarudi. Bodi ya mwangwi ilikuwa imetupwa zamani, lakini mwangwi haukuisha.

"Mchana na usiku," Bi Zamzam alisema. "Yeye alitaka kimya tu, na sasa amefungiwa na hilo. Hawezi kulala. Anasukuma. Angalia hapo."

Waithera alikisogeza dirishani. Kwenye kipande cha nne, kazi ya mkono wake mwenyewe, risasi ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele.

"Ukifungua, atakurudishia yowe lako. Atalitupa hata kabla hujainua kifuniko," mama yule alisema. "Halafu ataondoka, na mimi sina chumba kingine cha kumpa. Nairobi hii yote ataizunguka akitafuta kimya. Mimi ni mzee, sikuamulii."

Nje, Jamleck alikuwa tayari amekusanya wajukuu wa Bi Zamzam pale mlangoni. Alikuwa akiwaeleza habari za fisi wa Mutuini, akiwaigizia jinsi walivyolia, na watoto walikuwa wakimkosoa kwamba fisi halii hivyo, na yeye akisema nyinyi mmewaona wapi.

Waithera alichomeka chuma chake kwenye umeme na kungoja kipate moto. Kilipokuwa tayari alikandamiza ncha yake juu ya ufa, akayeyusha risasi mpya juu ya ile kuukuu, na chini ya vidole vyake alihisi shaba ikitetemeka kwa yowe lake, likirudi na kurudi, likififia kadiri risasi ilivyoganda, mpaka likawa mtetemo tu.

"Nirudi lini?" aliuliza.

Bi Zamzam alipima kisanduku kwa kiganja, akakitegea sikio.

"Risasi ile ya kwanza ilishika miezi miwili," alisema. "Njoo kabla ya hapo."